Video Katika Simu Yako: Somo la Kuisoma Picha Jongefu

Kila msimu wa korosho unapofunguliwa, simu za wakazi wa Masasi na Newala hupokea mzigo ambao haupelekwi ghalani wala haupimwi kwa mizani. Mzigo huo ni video: mnada wa chama kikuu cha ushirika ukionesha bei mpya, dawa inayodaiwa kuponya mikorosho kwa siku tatu, kiongozi anayeonekana akitangaza mikopo isiyo na riba, karani wa ghala anayeonekana akipunja uzito. Baadhi ya video hizo ni za kweli na zina manufaa makubwa. Nyingine zimemfanya mtu auze korosho zake kwa bei ya kutupa kwa mlanguzi anayenunua kwa kangomba, au atume fedha kwa asiyemjua, au amchukie jirani aliyemwamini kwa miaka mingi.

Shuleni tulifundishwa kusoma herufi, kisha silabi, kisha sentensi. Ni wachache waliofundishwa kusoma video, ingawa nayo imeundwa kwa vipande vinavyopangwa na mtu kwa makusudi fulani. Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mtumiaji wa huduma za mawasiliano ambaye simu yake ndiyo gazeti, redio, runinga na soko lake. Litaeleza namna video inavyotengenezwa, namna inavyokula bando, na namna ya kuipima kabla ya kuiamini au kumtumia mwenzako.

Picha ambazo hazitembei

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba katika video hakuna kitu kinachotembea. Kilichopo ni mfuatano wa picha mnato, kila moja ikitofautiana kidogo na iliyoitangulia, zinazooneshwa kwa haraka kiasi cha jicho na ubongo kuziunganisha kuwa mwendo mmoja. Kila picha huitwa fremu. Filamu za sinema zilizoea fremu 24 kwa sekunde. Runinga za nchi yetu hutumia 25. Simu nyingi hurekodi 30. Kwa hesabu ya runinga, dakika moja ya video ni picha 1,500. Video ya dakika mbili inayozunguka katika kundi la WhatsApp la kijiji ni picha 3,000, na mtu mwenye simu ya kawaida na programu ya bure anaweza kuziondoa, kuzigeuza, kuzipunguza kasi au kuzipanga upya apendavyo.

Vibonzo hutumia kanuni hiyohiyo, ila picha zake huchorwa badala ya kupigwa. Zamani wachoraji walichora kila mkao kwa mkono, na mara nyingi mchoro mmoja ulitumika kwa fremu mbili ili kupunguza kazi, yaani michoro 12 kwa sekunde. Siku hizi kompyuta hujaza sehemu kubwa ya mikao ya katikati. Watoto wengi wanavifahamu vipindi vya Ubongo Kids, vilivyotengenezwa Dar es Salaam na kuanza kurushwa na TBC1 mwaka 2014, ambavyo hufundisha hesabu na sayansi kwa wanyama wachorwa na nyimbo. Wengine wameviona vipindi vya Tinga Tinga Tales, vilivyotengenezwa Nairobi na kuanza kuoneshwa mwaka 2010 kwa mtindo uliochimbuka katika michoro ya Edward Saidi Tingatinga. Mchoraji huyo, aliyefariki mwaka 1972, alizaliwa Tunduru, jirani kabisa na Masasi. Haitoshi, hata hivyo, mzazi kuona wanyama wa rangirangi na kudhani kuwa kipindi ni cha watoto. Viko vibonzo vilivyotengenezwa kwa ajili ya watu wazima, na mtandao hauvitenganishi. Keti na mtoto dakika chache za mwanzo.

Kibonzo kina unyofu mmoja: hakidai kuwa tukio lilitokea. Sungura anayezungumza hamdanganyi mtu. Shida huanza pale picha iliyotengenezwa inapovaa mavazi ya picha iliyopigwa.

Bando linakwenda wapi

Malalamiko yanayosikika mara nyingi ni haya: «Niliweka bando asubuhi, mchana limekwisha, na sikufanya lolote.» Kwa kawaida mlalamikaji ametazama video, au video imejitazamisha yenyewe.

Kasi ya data hupimwa kwa biti kwa sekunde, ilhali bando huuzwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Tuseme unatazama video inayohitaji megabiti 1 kwa sekunde, ambayo ni picha ya wastani katika simu. Saa moja ina sekunde 3,600. Megabiti 3,600 ukizigawa kwa nane unapata megabaiti 450. Hiyo ndiyo gharama ya saa moja.

Sasa tuchukue mpira. Mtu ana bando la GB 1 na anafuatilia mchezo moja kwa moja kwa picha ang'avu inayohitaji megabiti 2.5 kwa sekunde. GB 1 ni takriban megabiti 8,000. Gawa kwa 2.5, unapata sekunde 3,200, yaani dakika 53. Bando hilo litakata wakati wa mapumziko, wachezaji wakiwa bado vyumbani. Mtu huyohuyo akipunguza ubora wa picha hadi nusu megabiti kwa sekunde, bando lilelile litadumu saa nne na dakika 26. Jezi zitaonekana, mabao yataonekana, ingawa huenda namba ya mgongoni isisomeke vizuri. Uamuzi ni wa mtazamaji, lakini uwe uamuzi, usiwe ajali. Katika programu nyingi za video, sehemu ya kuchagua ubora ipo kwenye alama ya gurudumu la meno au nukta tatu.

Video hazilingani kwa ulaji hata kama zina urefu sawa. Ili kupunguza ukubwa, programu haihifadhi kila fremu kikamilifu. Huhifadhi picha moja nzima, kisha kwa fremu zinazofuata huhifadhi tu kilichobadilika. Mtu anayezungumza mbele ya ukuta mweupe habadilishi mengi zaidi ya midomo na mikono. Ngoma yenye wachezaji thelathini, vumbi linalotimka na majani ya mikorosho yanayopeperuka nyuma yao hubadilisha karibu kila nukta ya picha, kila mara. Ndiyo maana video ya ngoma huwa nzito kuliko ya hotuba, na ndiyo maana mtandao unapolegea picha huvunjika vipande vya mraba: mabadiliko yamechelewa kufika na simu inaendelea kuonesha ya zamani.

Zima mambo mawili ikiwa huyahitaji. La kwanza ni video kujicheza zenyewe unapopitisha kidole kwenye ukurasa. La pili ni WhatsApp kupakua kila video ya kila kundi bila kuulizwa; nenda kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, na uondoe alama ya video. Mwanachama wa makundi sita ya ukoo, kanisa au msikiti, chama cha msingi na shule ya watoto atashangaa kiasi atakachookoa. Na kwa walio karibu na bonde la Ruvuma, ambako simu inaweza kukamata mnara wa ng'ambo, upande wa Msumbiji, hakikisha rominga ya data imezimwa. Gharama za kutazama video kupitia mtandao wa nchi nyingine hazifanani na za hapa.

Mkasi na sauti

Mtengeneza filamu wa Urusi, Lev Kuleshov, alionesha karne moja hivi iliyopita kwamba uso uleule wa mtu, ukifuatiwa na picha ya chakula, husomwa na watazamaji kuwa uso wa njaa. Ukifuatiwa na picha ya jeneza, husomwa kuwa uso wa huzuni. Uso haukubadilika. Kilichobadilika ni jirani yake.

Tuhamishie jambo hilo ghalani. Chukua mfano wa kubuni wa video ya sekunde arobaini. Fremu za kwanza zinamwonesha karani akitabasamu. Mkato. Mizani inasoma kilo 76. Mkato. Mkulima mzee ameinamisha kichwa. Mkato. Gunia limepasuka, korosho zimemwagika. Anayetazama atasema bila kusita kwamba karani amempunja mzee. Lakini je, tabasamu lilipigwa wakati wa mizani au asubuhi akisalimiana na wenzake? Mizani ile inapima gunia la mzee huyu au la mwingine? Mzee ameinama kwa huzuni au anahesabu fedha kwenye simu yake? Video haikusema lolote kati ya hayo. Mtazamaji ndiye aliyeyasema, naye ataapa kwamba ameyaona.

Hii haina maana kwamba makarani hawapunji. Wapo wanaopunja, na video nzuri imewahi kuwa ushahidi mzuri. Video nzuri ya mizani huwa haina mkato: inaanza mizani ikiwa tupu na kusoma sifuri, gunia linawekwa, namba inatulia, stakabadhi inaandikwa na kuoneshwa, yote kwa mfululizo mmoja. Mkulima anayetaka kujilinda arekodi hivyo. Inachukua chini ya dakika mbili.

Kasi nayo ni aina ya mkasi. Majaribio yaliyofanywa kwa watazamaji yameonesha kwamba tendo lililopunguzwa mwendo huonekana la makusudi zaidi kuliko likioneshwa kwa mwendo wake halisi, kwa sababu mtazamaji humhesabia mtendaji muda wa kufikiri ambao hakuwa nao. Mkono ulioteleza huonekana mkono ulionuia. Ukipokea video ya ugomvi iliyopunguzwa mwendo, tafuta ile ya mwendo wa kawaida.

Kisha kuna sauti. Wengi hudhani kwamba sauti na picha ni kitu kimoja. Kwa kweli husafiri kama mifuko miwili iliyofungwa kamba, na kamba hiyo hufunguliwa kwa urahisi. Waliokaa kwenye vibanda vya video wanalijua hili kuliko wanavyodhani. Watafsiri wa filamu kama Lufufu, aliyevuma Dar es Salaam na ambaye kanda zake zilienea mikoani, walichukua filamu za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani, wakaweka sauti yao ya Kiswahili juu yake. Hawakutafsiri tu. Walieleza, walitania, waliwapa wahusika majina na tabia, na pale ambapo filamu ilinyamaza wao hawakunyamaza. Watu waliipenda kazi hiyo, na kwa haki. Kila aliyekuwa kibandani alijua kwamba anamsikiliza mfasiri.

Katika video ya WhatsApp, mfasiri hajitambulishi. Sauti ya mtu asiyeonekana inasema, «Tazameni, wanachoma korosho za wakulima hapa Newala,» na picha inaonesha moshi ukitoka kwenye jengo. Fanya jaribio dogo: zima sauti, uitazame video tena mwanzo hadi mwisho, kisha ujiulize picha peke yake imethibitisha nini. Mara nyingi jibu huwa: kuna moshi, kuna jengo. Halafu fanya kinyume chake, sikiliza bila kutazama, na angalia kama mwangwi, upepo na kelele za watu vinalingana na mahali panapodaiwa.

Ni vyema kukumbuka hapa historia moja isiyopendeza. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa filamu za elimu kwa Waafrika ulikuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ukitengeneza filamu za afya, kilimo na ushirika na kuzionesha katika nchi kadhaa za eneo hili. Baadaye Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoanzishwa na Uingereza mwaka 1939, kilijenga kanuni zake juu ya dhana kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata filamu yenye mikato ya haraka, hivyo apewe picha za polepole na nyepesi. Dhana hiyo ilikuwa dharau tupu. Vijana wa vibandani, waliofuatilia filamu za mapigano zenye mikato mamia kwa lugha wasiyoijua, waliivunja bila kuisoma. Kudanganywa na mkato hakutokani na upungufu wa akili. Kunatokana na jinsi jicho la kila binadamu lilivyo, la Newala sawasawa na la London.

Video ya kweli, siku ya uongo

Uongo ulio mgumu zaidi kuugundua ni ule usiogusa picha hata kidogo. Video ni halisi, haikukatwa, sauti ni yake. Kilichobadilishwa ni maneno yaliyoandikwa juu yake: tarehe na mahali.

Tarehe 12 Novemba 2018, Rais wa wakati huo, Hayati John Magufuli, alitangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kwamba Jeshi litashiriki kuzisomba. Picha za magari ya jeshi zilioneshwa kila mahali, na zilikuwa za kweli. Sasa fikiria picha zilezile zikirudi Oktoba ya mwaka mwingine na maneno mafupi: «Wanajeshi wameingia Masasi leo, minada imefutwa.» Mkulima aliyekwisha kupeleka mzigo chama cha msingi anapata hofu. Mlanguzi aliyesimama barabarani na fedha taslimu anamwambia kuwa kilo moja ni nusu ya bei, achukue leo au akose kabisa. Hakuna fremu hata moja iliyoghushiwa, na bado mtu amepoteza jasho la mwaka mzima. Msimu wa mwaka 2024 minada ya mwanzo ya TANECU, inayohudumia Newala na Tandahimba, ilipitisha shilingi 4,000 kwa kilo. Aliyeuza kwa hofu kabla ya mnada msimu kama huo anaweza kuhesabu mwenyewe alichopoteza.

Mkazi wa uwanda wa Makonde ana nyenzo za kuchunguza ambazo mtaalamu wa mbali hana. Anaijua nchi yake. Mji wa Masasi umezungukwa na milima ya mawe inayochomoza ghafla kutoka ardhini. Newala imekaa juu ya uwanda, ukingoni mwa mteremko unaotazama bonde la Ruvuma, pale penye Shimo la Mungu. Video inayodai kupigwa Newala mjini huku mlima wa jiwe ukiwa umesimama nyuma ya maduka, ina swali la kujibu. Mkorosho nao ni kalenda. Maua na upuliziaji wa salfa ni mambo ya kipupwe, kuanzia miezi ya Mei na Juni. Magunia hujaa maghalani Oktoba na Novemba. Mtu akikuletea video ya vijana wakipuliza mikorosho iliyochanua na kusema ilipigwa jana, nawe umetoka kula Krismasi, huhitaji kompyuta kumjibu. Tazama pia ardhi, ikavu au imelowa, vivuli virefu au vifupi, namba za magari, maandishi ya mabango, lafudhi ya wanaozungumza.

WhatsApp yenyewe hutoa dokezo. Ujumbe uliosambazwa kupitia mlolongo wa makundi au watu watano au zaidi huwekewa mishale miwili badala ya mmoja. Mishale hiyo haisemi kwamba video ni ya uongo. Inasema kwamba aliyekutumia si aliyeipiga, na wala aliyemtumia yeye si aliyeipiga. Video iliyopita mikono mingi pia hufifia, kwa kuwa hupunguzwa ukubwa kila inapotumwa upya kutoka programu moja hadi nyingine. Ukungu huo ni rafiki wa mghushi, maana huficha mishono.

Na hata video ya mnada iliyo ya kweli, ya leo na ya hapahapa, haisemi yote. Bei inayoonekana kwenye skrini ya mnada si fedha itakayoingia mfukoni, kwani kuna makato na tozo. Waulize viongozi wa chama chako cha msingi makato ya msimu huo kabla ya kumlaumu mtu kwa kutazama video ya dakika moja.

Dawa ya siku tatu

Matangazo ya video ya viuatilifu yamekuwa mengi, na hila yake kubwa ni muda. Kamera huwekwa mahali pamoja na kupiga picha moja kila baada ya saa kadhaa. Zikiunganishwa, wiki nane hupita kwa sekunde kumi. Mbinu hiyo ni halali na hufundisha vizuri namna ua linavyogeuka kuwa bibo na korosho. Inapotumiwa na muuzaji, mtazamaji huona mkorosho wenye ubwiri unga ukipona machoni pake, na hukumbuka kasi, hasahau. Maandishi madogo yanayosema muda halisi, kama yapo, hupita kwa nusu sekunde. Simamisha video hapo uyasome.

Angalia vilevile kama mti wa «kabla» na mti wa «baada» ni mti mmoja. Linganisha matawi, makovu ya shina na kilicho nyuma yake. Kisha utafute jina la dawa na namba yake ya usajili. Viuatilifu nchini husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Afisa ugani wa kata anaweza kukusaidia kuthibitisha, na Kituo cha Utafiti cha TARI Naliendele, mkoani Mtwara, kimeifanyia kazi mikorosho kwa miongo mingi. Muuzaji anayetaka ulipe kwanza kwa simu ndipo akutajie jina la dawa hastahili muda wako.

Sura ya kuvaa

Wamakonde wanaufahamu ufundi wa lipiko. Mchezaji huvaa uso wa mti uliochongwa kwa ustadi, na mtazamaji huuona uso huo ukicheza, ukicheka, ukitisha, bila kumwona aliye ndani. Akili mnemba imeleta lipiko la aina nyingine: programu huchukua picha na sauti ya mtu anayejulikana, ikatengeneza video yake akisema maneno ambayo hakuyasema. Tofauti kubwa ni kwamba uwanjani watu wazima wanajua kuwa lipiko huvaliwa.

Miaka michache iliyopita video hizi zilitambulika kwa macho yasiyopepesa au vidole sita. Dalili hizo zinazidi kupungua, na mimi nisingemshauri mtu ategemee kuhesabu vidole. Kipimo kinachodumu ni ombi. Video inakuomba nini? Kiongozi wa kitaifa hatakuomba utume «ada ya fomu» kwa namba ya simu ya mtu binafsi ili upate mkopo. Benki haitakuuliza namba yako ya siri kwa video. Mwanao aliye Dar es Salaam akikupigia simu ya video yenye picha ya kukatakata, akilia kwamba amekamatwa na anahitaji fedha sasa hivi, kata simu na umpigie kwa namba yake uliyoizoea. Familia nyingine zimekubaliana neno la siri la nyumbani, jina la kuku au la mkorosho wa babu, la kuulizwa nyakati kama hizo. Halina gharama.

Watoto wa unyago

Jambo hili tungependa kulizungumza kwa heshima, kwani linagusa mila. Msimu wa jando na unyago, ngoma za kuwatoa wali hujaa furaha, na simu huinuliwa kila upande. Kurekodi kwa ajili ya kumbukumbu ya familia ni jambo moja. Kuirusha kwenye mtandao video ya msichana wa miaka kumi na miwili akiwa na mavazi ya ngoma, jina lake likitajwa na shule yake ikitambulika, ni jambo jingine kabisa. Wazee walilinda siri za mkole kwa sababu walijua si kila jicho lina nia njema. Video iliyorushwa haina mlango, na wanaoitafuta hawakutoka wote Newala.

Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na faragha yake inalindwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaihesabu sura inayomtambulisha mtu kuwa miongoni mwa taarifa zake. Ukialikwa kupiga video ya shughuli, kubaliana na wazazi na makungwi mapema: nini kipigwe, nani apewe, na kwamba hakitapelekwa mtandaoni. Mpiga video anayelipwa aulizwe pia atayafanyia nini mafaili yaliyobaki kwenye kompyuta yake.

Ukipokea video yenye mashaka

Usiitume mbele, hata kwa maneno «eti ni kweli hii?» Wanaoipokea baada yako watafuta swali na kubakiza video. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinahusu anayesambaza taarifa akijua kuwa ni za uongo, na kusema kwamba ulitumiwa tu na mwingine si kinga ya kuaminika mbele ya polisi.

Ikiwa video au ujumbe ulioambatana nayo unaomba fedha, tuma taarifa ya namba ya tapeli kwenda 15040, bila malipo, na ufuate maelekezo utakayopokea. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, kwa kuwa matapeli hupenda kutumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine. Ukiona usiyoitambua, nenda kwa mtoa huduma wako ikafutwe. Ikiwa umekwisha kutuma fedha, wasiliana na mtoa huduma mara moja, kisha polisi. Malalamiko kuhusu bando huanzia kwa mtoa huduma. Usiporidhika na majibu, yalete kwa Mamlaka pamoja na nakala ya majibu hayo.

Kwa kila taarifa, andaa namba iliyotuma, tarehe na saa uliyopokea, kiungo cha ukurasa kama upo, na faili lenyewe la video. Usiifute kwa hasira. Usiirekodi skrini kwa simu ya pili na kuleta rekodi hiyo, kwa sababu rekodi hupoteza taarifa ambazo wachunguzi huzitafuta ndani ya faili la awali. Iache ilivyo katika simu iliyoipokea, na uje na simu hiyo.